Kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito: nini ununue, nini uache dukani

Kompyuta nyingi za majumbani hapa Dodoma zimefika zikiwa zimeshatumika: HP, Dell au Lenovo zilizotoka maofisini Ulaya, au laptopu ya kaka aliyemaliza UDOM akamwachia mdogo wake. Ikianza kuganda, hakosi mtu wa kukwambia ununue programu ya kusafisha rejistri, yaani hazina ya mipangilio ya Windows. Nimepanga hapa vitu unavyoweza kununua kwa pesa hiyo, kuanzia chenye faida kubwa zaidi. Hiyo programu nimeiweka mkiani, na nitaisema kwa kirefu kwa kuwa ndiyo inayopigiwa debe kuliko vyote.

Nafasi ya kwanza: SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, kisha nenda sehemu ya Performance na uangalie diski. Ikiandika HDD, yaani diski ya kuzunguka, na ukaona inagota asilimia 100 wakati hujafungua kitu cha maana, ugonjwa wako umeshaujua. Diski ya kuzunguka husoma megabaiti 100 na kitu kwa sekunde. SSD ya SATA hukaribia 550, na kwenye mafaili madogo madogo yaliyotawanyika, ambayo ndiyo chakula cha Windows, tofauti huwa kubwa zaidi ya hapo. Kwa matumizi ya nyumbani GB 256 zinatosha. Mwambie fundi afungue mashine kwanza kabla hujalipia, kwa sababu SSD za SATA za inchi 2.5 na za M.2, zenye umbo la kipande chembamba, hazichomekwi mahali pamoja. Na usidanganyike na ya bei ya kutupa isiyo na jina wala waranti: zipo zinazojitangaza kuwa na ukubwa ambao hazina.

Ya pili: kupuliza vumbi

Ningekuwa Dar ningeishusha chini. Hapa kwetu kiangazi upepo unapiga, na vumbi la Nkuhungu au Nzuguni haliulizi kama dirisha limefungwa. Likiziba feni, prosesa (ubongo wa kompyuta) inapata joto, na ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mwenye mashine anaona uzito tu, anadhani ni virusi. Fundi akifungua, mwombe pia abadilishe ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa. Ikishakauka haifanyi kazi vizuri. Ni huduma ya bei ndogo kuliko zote nilizozitaja.

Ya tatu: RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta

Kutoka GB 4 kwenda 8 utaona tofauti, hasa kama unafungua kurasa nyingi za intaneti kwa wakati mmoja. Hizo GB 4 ambazo Windows 11 inataja ni za kuiwasha tu, si za kuishi nayo. Aina za RAM za DDR3 na DDR4 hazibadilishani, na baadhi ya laptopu nyembamba RAM yake imegandishwa kwenye bodi, haiongezwi.

Ya nne: kupiga Windows upya

Inasaidia mashine iliyojaa takataka za miaka, ila hamisha picha na nyaraka zako kwanza. Windows 10 iliachwa rasmi na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Fundi akikuwekea Windows iliyokrakiwa, yaani isiyo halali, amekuuzia mlango wa wizi.

Kabla ya yote hayo kuna vya bure vilivyomo ndani ya Windows: Storage Sense ya kufuta mafaili ya muda, na orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe, ambayo iko humo humo kwenye Task Manager. Nusu saa inatosha.

Mkiani: programu ya kusafisha rejistri

Rejistri ni hazina ambamo Windows huweka mipangilio yake na ya programu zako. Ilianza na Windows 3.1 mwaka 1992, na kuanzia Windows 95 ikawa moyo wa mfumo. Ukifuta programu, kweli mabaki yake hubaki humo. Lakini mwenyekiti wa mtaa mwenye daftari la wakazi hachelewi kuipata nyumba yako eti kwa sababu jina la aliyehamia Singida halijafutwa. Windows nayo huenda moja kwa moja kwenye ingizo inalolihitaji, haipekui yote. Ukifuta mabaki mia kadhaa umeokoa kilobaiti chache tu, na kasi iko pale pale.

Hatari ni kwamba programu hiyo inakisia. Ikikutana na ingizo ambalo haioni linatumika wapi, inaliita kosa. Wiki mbili baadaye Word inagoma kufunguka, au printa haionekani, na wewe umeshasahau ulibonyeza nini. Tangu toleo la 1803 la mwaka 2018, Windows 10 haijiwekei tena nakala ya rejistri yenyewe kama zamani. Microsoft wenyewe hawaungi mkono programu hizi, na wanasema madhara yake yanaweza kukulazimisha kupiga Windows upya.

Halafu kuna biashara yenyewe. Unapima bure, unaambiwa una makosa 900, unalipa ndipo yaondolewe. Mwaka 2019 nchini Marekani, maduka ya vifaa vya ofisi ya Office Depot na kampuni ya Support.com walilipa jumla ya dola milioni 35 kumaliza kesi ya kipimo cha "afya ya kompyuta" kilichodaiwa kutoa majibu kwa kufuata visanduku vilivyowekewa alama mwanzoni, si kwa hali ya mashine. Hata programu yenye jina zuri si kinga: Agosti na Septemba 2017, CCleaner toleo 5.33 lilitolewa na wenyewe likiwa na msimbo wa wadukuzi ndani, likafika kwenye kompyuta zaidi ya milioni mbili.

Kwa hiyo programu ya kusafisha rejistri ni salama? Kwa nyumbani, hapana, na hata ikikosa kudhuru huna ulichopata.

Kama umeshainunua, usiibonyeze tena. Ikiwa iliweka nakala kabla ya kufuta, irudishe kwanza kupitia programu hiyo hiyo, washa mashine upya, ndipo uiondoe. Angalia pia kama ulijiunga kwa malipo ya kila mwaka: nyingi hujirudisha zenyewe kwenye kadi, kwa hiyo sitisha usajili kwenye akaunti yao, maana kuifuta kwenye kompyuta peke yake hakuzuii makato.