Nilipoingia niliitwa bosi

Nyota moja, na hiyo moja ni ya kijana wa guta aliyenibebea mzigo bila kunung'unika. Duka silitaji jina. Liko barabarani, Dar hii hii, marumaru zimesimamishwa nje kama wanafunzi wa mstarini, na juu ya kaunta kuna kibao ambacho nitakifikia.

Siku ya kwanza nilipokelewa kama mke wa waziri. "Karibu bosi wangu." Kiti kikaletwa. Maji ya chupa, ya baridi. Kijana wa mauzo, ambaye kwa umri ningeweza kumwita mdogo wangu wa mwisho, hakuniacha hata hatua moja: bosi gusa hii, bosi hii nimeuza Mbezi nyumba nzima, bosi kwa bei hii nakupa wewe tu. Nikajisikia bosi kweli. Mkoba nikauhamishia mkono wa kushoto ili nigusie vizuri.

Kilichonipeleka ni bafu. Letu lilikuwa linavujia kwa chini, mpaka ukuta wa chumba cha watoto ukaanza kumenyeka rangi. Fundi akasema hapa ni kuvunja. Baba Nasra akasema kama tunavunja bafu basi na jiko liende humo humo, vumbi lije mara moja. Mvua zilikuwa hazijaanza, au zilikuwa zimeanza kidogo, sikumbuki vizuri.

Nikamwomba yule kijana maji. Akanionyesha chupa. Nikamwambia siyo ya kunywa, nataka ya bomba, na kasabuni kama kapo. Nikavua viatu pale pale dukani, nikamwagia marumaru tatu zilizolazwa chini, nikazikanyaga moja moja. Ile inayong'aa kama kioo, ambayo fundi wangu alikuwa ameniapia kuwa ndiyo ya kisasa, nusura inichane msamba mbele za watu. Kwetu tunaoga kwa ndoo na kata, watu sita, sakafu ya bafu haikauki toka alfajiri mpaka usiku, na mama mkwe ana nyonga ambayo haitaki mchezo. Nikachukua vile vidogo vya sentimita 30 kwa 30 vyenye mikwaruzo. Vipande vikiwa vidogo mistari inakuwa mingi, mguu unapata pa kushika, na fundi anautengeneza mteremko wa kupeleka maji kwenye tundu bila kuhangaika, maana kipande kikubwa hakikunjiki. Kijana alicheka, akanivulia ndala zake nijaribu na hizo. Siku ile ningempa nyota tano na chai.

Ya jikoni ndiyo tulichagua muda mrefu. 60 kwa 60, isiyong'aa, rangi ya mchanga uliolowa. Isiyong'aa kwa sababu DAWASA, wale wa maji ya bomba, wakituacha tunatumia maji ya kisima, na maji ya kisima mtaani kwetu yana chumvi. Kila tone likikauka kwenye sakafu inayong'aa linaacha duara jeupe. Jirani yangu anafuta sakafu yake kutwa nzima kama ana nadhiri. Bei haikunitisha. Zamani marumaru zilikuwa kitu cha nyumba za wakubwa, lakini tangu viwanda vifunguliwe hapo Mkuranga na Chalinze, hata mpangaji anaota.

Sasa hesabu. Jiko langu ni mita 3.2 kwa 3.9, sawa na mita za mraba 12.48. Boksi la 60 kwa 60 lina vipande vinne, mita 1.44. Fundi akapiga kwenye simu yake, akasema, "Mama Nasra, maboksi tisa, na chenji inabaki." Chenji yenyewe ilikuwa nusu mita, na hiyo unaila yote kwenye kukata kandokando ya ukuta. Leo naweza kumfundisha mtu: ongeza sehemu moja kwa kila kumi, chukua kumi usichukue tisa, kitakachobaki weka uvunguni. Wakati ule nilikuwa bosi, na bosi haulizi. Viwili vikavunjika kwenye guta, tuta la kwanza tu baada ya lami. Viwili fundi akavipasua na grenda akizungushia bomba la sinki. Zikabaki nafasi nne wazi mbele ya mlango wa nyuma. Vipande vinne. Boksi moja!

Nikarudi kununua boksi moja. Hapo ndipo cheo kilipoanza kushuka. Sikuitwa bosi, niliitwa "dada". Kiti hakikuja. Nikaonyesha picha kwenye simu, kijana akaitazama kwa sekunde moja, akapiga kelele kwa mtu wa stoo, boksi likatoka. Jina lile lile, picha ile ile. Nikauliza, ni yenyewe? "Ni yenyewe dada, sisi hatuna mbili." Risiti akaniandikia kwa kalamu kwenye kikaratasi, mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, eti ilikuwa imeisha karatasi. Kwa boksi moja nikaona nisilete maneno. Hilo kosa ni langu na nalibeba.

Fundi alizilaza jioni, taa ya jikoni ikiwa ile ya njano. Tukashukuru, tukalala.

Asubuhi nikafungua mlango wa nyuma, jua likaingia. Jamani. Vile vinne vilikuwa vyeupevyeupe, kama mtu amemwaga tui la nazi akafuta nusu. Na mistari haikutani! Kila kipande kimepungua kidogo, kama milimita moja hivi, lakini ukisimama kwenye sinki unaona mstari umenyooka vizuri kutoka ukutani, ukifika mlangoni unayumba kama mlevi. Nikakaa kwenye kigoda, chai ikapoa.

Maboksi ya zamani sikuwa nimeyatupa, watoto waliyageuza gari. Nikalitafuta moja, nikalilinganisha na jipya. Ubavuni, chini ya jina, kuna namba imegongwa kwa wino: namba ya toleo, rangi na kipimo. La kwanza lilikuwa na namba yake, la pili nyingine kabisa. Fundi, ambaye hakuwahi kuyataja haya tulipokuwa tunanunua, sasa akawa mwalimu: eti ni kama maandazi, unga uleule, mafuta yaleyale, lakini ya karai la kwanza hayatoki rangi moja na ya karai la pili. Udongo unabadilika, moto wa tanuri unabadilika, ndiyo maana kiwanda kinagonga namba. Nikamuuliza, na wewe ulikuwa unajua? Akaanza kufunga mkoba wa vifaa.

Nikachukua bajaji na vipande viwili vya maboksi kwapani, jasho linanitiririka, nikaingia dukani. Kijana yule yule. Ndala zile zile nilizojaribia.

"Wewe mama, shida nini?"

Wewe mama. Nilihesabu njiani kurudi: bosi, dada, wewe mama. Safari tatu tu. Ningerudi ya nne sijui ningeitwaje, labda angenipigia mluzi.

Nikaeleza kwa adabu. Nikaweka maboksi kaunta, nikaonyesha namba. Hakuziangalia. Kulikuwa na wateja wengine, baba mmoja na mkewe waliokuwa wanapewa kiti na maji, na nadhani ni kwa ajili yao aliinua sauti: "Sakafu unakanyaga au unaitazama? Kaa mezani ule, mama, usile chini." Watu wakacheka. Mwenye duka alikuwa pale pale akihesabu noti, hakuinua hata jicho. Halafu kijana akanyoosha kidole juu, kwenye kile kibao: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Sikuwa nimeomba kurudisha. Nilitaka aangalie stoo kama kuna boksi lenye namba kama ya kwanza. Moja. Ningelilipia tena! Hilo ndilo linaniuma mpaka leo, kwamba nilikuwa na hela mkononi na bado nikafukuzwa kama mkopaji.

Yule mke wa yule baba alinifuata nje. Akaniuliza pole pole namba iko wapi kwenye boksi. Nikamwonyesha. Akarudi ndani, na kupitia mlangoni nikamwona anainama kwenye maboksi yake, anayageuza moja moja, kijana anahangaika pembeni yake na maji ya baridi. Hapo nilipoa kidogo.

Shemeji yangu anasema niende Tume ya Ushindani, kuna sheria ya 2003 inayomlinda mlaji. Kwa boksi moja, na kikaratasi cha kalamu? Angekuwa yeye angeenda. Mimi nina watoto wa kupeleka shule.

Lakini ukiniuliza marumaru zenyewe, hapo nashindwa kusema uongo. Ni nzuri. Za bafuni ni nzuri mno. Mama mkwe anaoga mwenyewe sasa bila kushikwa mkono, maji hayatuami hata kwenye kona, na ukuta wa watoto umekauka. Za jikoni nimezigonga na sarafu kipande kwa kipande, hakuna hata kimoja kinacholia debe, kwa hiyo fundi, pamoja na hesabu zake, simenti alijua kuijaza. Jiko la mkaa limeshadondosha kaa la moto mara mbili, nikafagia, alama hakuna. Kisamvu tunatwanga humo humo, gunia likiwa chini ya kinu. Kwa hiyo labda nyota tatu. Kwa mzigo peke yake ningetoa nne. Na yule kijana, siku ile ya sabuni, alinihudumia kuliko muuzaji yeyote niliyewahi kukutana naye, si haki nikilificha.

Nikikumbuka "usile chini" nazirudisha zote. Sisi watu wa pwani, tunakula wapi? Mkeka tunautandika wapi?

Kwenye vile vinne nimeweka zulia dogo la kufutia miguu. Wiki chache zilizopita nilirudi kutoka sokoni nikakuta zulia limeanikwa na mama mkwe amepiga magoti katikati ya jiko, ana steli waya na ndoo ya maji ya sabuni, anasugua. "Mama, unafanya nini na nyonga yako?" Akaniambia, "Mwanangu, hivi vinne vya mlangoni vimetakata, nikaona hivi vingine mmeviacha vimefubaa. Nimeanza kule kwenye sinki, vinagoma."

Sikumwambia. Nilimnyanyua, nikampa kiti. Baadaye akaniuliza nilinunua wapi, anataka za bafuni kama zetu kwa nyumba yake ya Muheza. Nikamwandikia jina la duka, na chini yake namba iliyo ubavuni mwa boksi, kwa herufi kubwa. Atume mtu mwingine.