Darubini ya kupigia picha: acha kuuliza inavuta mara ngapi, uliza milimita 55

Juni ya mwaka juzi nilitoa laki sita na nusu kwenye duka moja Kariakoo, nikabeba darubini ndefu nyeupe yenye kioo cha milimita 114. Kwenye boksi kulikuwa na picha ya Zohali na pete zake zote, na maandishi makubwa: mara 675. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi na send-off, kwa hiyo kamera ninayo, Canon ya DSLR. Nilimuuliza muuzaji swali moja tu, kama inakubali kamera. "Zote dada, hata ya simu," akanijibu, na pete ya kuungia akaniuzia papo hapo.

Nikaipeleka shambani kwa shemeji, Chalinze, usiku usio na mwezi. Kwa jicho mambo yalikuwa mazuri, nyota za Nge zimetulia kama zimepigiliwa misumari. Nikatoa lenzi ya jicho, nikaunga kamera, nikaanza kuzungusha kitasa. Kwenye skrini nyota ilikuwa duara kubwa lenye tundu jeusi katikati, kama bangili. Nikaendelea kuzungusha, bangili ikawa pete, pete ikazidi kupungua, nikasema hiyo inakuja! Kitasa kikagota. Kibomba kimeingia chote, hakuna pa kwenda, na nyota bado ni pete. Nililala saa nane nikiamini kamera yangu imekufa.

Kamera ilikuwa nzima. Shida ni hesabu ambayo muuzaji hakuijua na boksi halikuiandika. Kutoka mdomo wa Canon ya DSLR, pale lenzi inapoungwa, hadi kwenye sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) ni milimita 44. Nikon ni 46.5. Ukifunga pete ya T (ile ya kuungia kamera kwenye darubini), zote zinafika 55. Maana yake taswira lazima itue angalau milimita 55 nje ya mdomo wa fokasa (kile kibomba kinachoingia na kutoka ukizungusha kitasa). Watengenezaji wa darubini za vioo za kuangalia kwa jicho huiweka taswira karibu na bomba, kwa sababu hapo kioo kidogo cha ndani kinaweza kuwa kidogo zaidi na hakizibi mwanga mwingi. Kwa jicho hiyo ni faida. Kwa kamera, sensa inabaki nyuma ya pale taswira inapotua, na fokasa imeshagota.

Kumbuka hapa: urefu ukipungua unaongezwa. Bomba la kurefushia ni rahisi na lipo. Lakini kibomba kilichogota ndani hakina dawa rahisi ya dukani isipokuwa lenzi ya Barlow, ambayo inasukuma taswira nje lakini inazidisha urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo kikubwa au lenzi hadi taswira inapotua) mara mbili, kwa hiyo unahitaji muda mara nne kupata mwanga uleule. Msomaji mmoja wa Mwanza alinitumia picha ya bomba la darubini yake kalikata kwa msumeno wa chuma, akasogeza kioo kikubwa mbele. Inafanya kazi, na nyota zake ni kali kuliko zangu. Mimi msumeno siushiki.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki, na unaweza kukifanya mlangoni mwa duka. Toa lenzi ya jicho. Zungusha kitasa mpaka fokasa iingie yote. Elekeza darubini kwenye mnara wa simu wa mbali kabisa (kamwe usielekeze kwenye jua, utapofuka), kisha shika kipande cha karatasi nyeupe nyuma ya mdomo, kikingwe na mwanga, ukisogeze nje taratibu. Mnara utajichora kwenye karatasi, kichwa chini miguu juu. Pale unapokuwa mkali, pima kwa rula kutoka mdomoni. Nataka sitini na kuendelea, kwa sababu adapta nayo inakula milimita chache, na mnara unatua nje kidogo kuliko nyota. Usiku mwezi ni bora zaidi: kwenye darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 650 unajichora mdogo kama punje ya mbaazi, na ukungu wa ukingo wake hauna pa kujificha. Muuzaji akikukatalia kipimo hiki, rudi nyumbani.

Sasa orodha. Nisijifanye sina upande: mimi ni mtu wa Sky-Watcher. Ni chapa ya Synta, kampuni ya Taiwan, ambayo mwaka 2005 iliinunua na Celestron, kwa hiyo wanaobishana kuhusu hizo mbili wanagombania mifuko miwili ya koti moja.

Namba moja, Evostar 72ED. Ni ya lenzi, milimita 72, urefu wa fokasi 420. Haigoti ndani mapema, haina vioo vya kupangwa upya kila ukisafiri kwa gari, na kitasa chake kina spidi mbili: kile kidogo kinakwenda polepole mara kumi. Spidi hiyo si pambo. Kwenye f/5 au f/6 (urefu wa fokasi ukigawanywa kwa upana wa lenzi au kioo) eneo ambalo nyota inakuwa kali halifiki sehemu ya kumi ya milimita, na kwa kitasa cha kawaida unalipita kwenda na kurudi kama daladala lisilosimama kituoni. Kasoro yake nitaisema: sisi tuko karibu na ikweta, vitu vingi vinapita utosini, na darubini ya lenzi ikitazama juu kamera inaning'inia wima. Fokasa inateleza. Kaza skrubu ya chini, halafu angalia fokasi tena, kwa sababu kukaza kwenyewe kunaisogeza.

Namba mbili, 130PDS. Hii ni ya vioo, milimita 130 kwa 650, na imetengenezwa makusudi kwa ajili ya kamera, taswira iko nje ya kutosha. Usiichanganye na 130 nyingine zinazofanana nayo kwa rangi. Herufi zile tatu ndizo unazolipia. Inakusanya mwanga mara tatu ya ile 72. Lakini kibomba chake kikiingia sana kinachungulia ndani ya njia ya mwanga, na nyota kubwa zinatoka kama zimemegwa upande. Pembeni mwa picha nyota zinaota mikia, utahitaji lenzi ya kusahihisha. Na inataka stendi nzito ya mota. Tripodi ya harusi haiwezi, nimejaribu.

Namba tatu, Skymax 102, kwa mwezi na sayari tu. Fokasi yake inasogeza kioo kikubwa chenyewe, kwa hiyo kamera yoyote inafika. Kwa urefu wa milimita 1300, nebula ya Jabari (wingu la gesi kati ya nyota) itakujaa skrini nzima na utasubiri mwanga mpaka alfajiri.

Za bei ya chini, 76/700 na 114/900 (upana wa kioo kwa urefu wa fokasi): tazamia mwezi, furahi, usinunue pete ya kamera. Hiyo 675 wanaipata kwa kupachika lenzi ya milimita 4 na Barlow ya mara tatu, wakati kioo cha 114 kikizidi mara 228 kinaanza kukuonyesha ukungu.

Pesa ikibaki, nunua kifuniko cha Bahtinov, kilichobuniwa na Mrusi Pavel Bahtinov mwaka 2005. Ni sahani ya plastiki yenye mistari. Unaivisha mbele ya darubini, kule mwanga unakoingia, unaelekeza kwenye nyota angavu, mimi hutumia Suheli, unakuza skrini mara kumi, na nyota inatoa mistari mitatu. Wa katikati ukikaa sawasawa kati ya miwili, umefika. Kivue kabla ya kupiga (usinicheke, nimepoteza saa nzima). Rudia kila saa, maana bomba linapoa na kusinyaa.

Kinachonichosha ni kuzitafuta. Nusu ya kurasa za wauzaji hazina bei, ni "njoo inbox" kama vile tunanunua magendo. Ukienda, unatajiwa bei, ukishangaa unaambiwa ushuru. Juzi nilimwandikia mmoja kwa adabu zote: "Kaka, fokasa ikiingia yote, taswira inatua milimita ngapi nje?" Alisoma, akaandika, akafuta, akaandika tena. Jibu likaja baada ya dakika ishirini:

"Dada hii inavuta mara 675, na tripodi tunakupa bure."