Spitfire mbili za kipimo cha 1/144: uzoefu wangu

Nimeilaza juu ya rula sasa hivi: ndege ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe, mfano wa Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, uliopunguzwa mara 144. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya pili ni milimita 78. Spitfire halisi ilikuwa na mabawa ya mita 11.23, gawa kwa 144, unapata hiyo hiyo 78. Kwa hiyo kabla sijalalamikia chochote, mtengenezaji wa seti hii apewe haki yake: vipimo amevipata. Na lile bawa la duaradufu, linaloitambulisha Spitfire hata ukiona kivuli chake tu, limetoka vizuri kuliko nilivyotarajia kwenye kitu kinacholala kiganjani.

Boksi lina ndege mbili za toleo la kwanza, yaani Mk I, karatasi moja ya stika za maji (zile unazolowesha ndipo zibanduke) na maelekezo ya ukurasa mmoja. Zimenichukua wiki tatu, jioni kwa jioni. Nilikuwa nimezoea kipimo cha 1/72, nikadhani nashuka nusu tu. Kumbe urefu, upana na kimo vyote vinashuka nusu kwa pamoja, na mkononi unabaki na moja ya nane ya ile ndege uliyoizoea. Mguu wa gurudumu unakuwa mwembamba kama kijiti cha kiberiti kilichochongwa, na ukiukata vibaya kwenye fremu ya plastiki inayoshikilia vipande unaruka usiuone tena. Wa kwanza ulinipotea hivyo hivyo. Sasa nakatia ndani ya mfuko wa plastiki unaoonesha, na sikati kipande chenyewe: nakata fremu mbali kidogo, kisha kile kisiki namalizia kwa wembe mpya.

Kuna hesabu moja iliyonibadilisha namna ya kuitazama seti yoyote ya ukubwa huu, nayo ni kuzidisha kila unene kwa 144. Nilipima ukingo wa nyuma wa bawa nikapata milimita 0.6. Haionekani kuwa nyingi. Zidisha: sentimita nane na nusu! Hakuna ndege ya kivita iliyoruka na ukingo wa nyuma mnene kama tofali lililolazwa, na Spitfire ndiyo ya mwisho kabisa kufikiriwa hivyo, maana wembamba wa bawa ndio uliokuwa siri ya mwendo wake. Macho yanaliona hilo hata kama mtazamaji hajui kwa nini ndege inaonekana kama mwanasesere.

Bahati nzuri bawa limetengenezwa kwa vipande vya juu na vya chini, kwa hiyo unaweza kulipunguza kwa ndani kabla ya kugundisha. Nilibandika msasa namba 400 juu ya kioo bapa, nikapaka wino wa kalamu upande wa ndani wa kila kipande karibu na ukingo, nikasugua kwa mizunguko midogo. Wino unakuonesha wapi umekula na wapi bado. Nilisimama pale ukingo ulipoanza kupitisha mwanga wa taa. Kazi hii peke yake ilikula jioni mbili, na ndiyo iliyoibadilisha ndege kuliko rangi yoyote niliyopaka baadaye.

Kugundisha kwenyewe hakuna shida. Vipande vinakaa, puti niliihitaji kidogo tu pale bawa linapokutana na tumbo. Tumia gundi nyepesi ile inayoyeyusha plastiki: gusa mshono kwa ncha ya brashi, itatambaa yenyewe. Kioo cha rubani ndicho kisiguswe na gundi ya papo kwa papo, maana mvuke wake unakiacha na ukungu mweupe. Mimi nilitumia gundi nyeupe ya maji.

Maelekezo ndiyo yaliyoniudhi. Chini ya mabawa ya Mk I kuna vitu viwili visivyofanana: rejeta kubwa upande wa kulia na kipoza mafuta chembamba upande wa kushoto. Seti inavyo vyote, na vimechongwa kwa uangalifu. Lakini mchoro unaionesha ndege ikiwa chali, bila neno wala mshale unaosema pua iko wapi, na ndege ikiwa chali kulia kwake kunakuwa kushoto kwako. Ya kwanza niliibandika kinyume, nikagundua baada ya gundi kushika. Kuvibandua kuliacha alama mbili ambazo msasa haujazimaliza hadi leo.

Kosa jingine ni la rangi. Maelekezo yanataka tumbo la ndege lipakwe kijivu. Ndege iliyochorwa kwenye boksi ni ya kiangazi cha 1940, na kuanzia Juni mwaka huo ndege za kivita za Uingereza zilianza kupakwa chini rangi iliyoitwa Sky. Jina linamaanisha anga, ila si bluu wala si kijivu: ni kijani kilichopauka mno, chenye umanjano kidogo. Niliichanganya mwenyewe. Juu nilipaka mabaka ya kahawia na kijani, na kila rangi niliongeza tone la nyeupe, kwa sababu kitu kidogo kilichopakwa rangi kamili ya ndege halisi kinaonekana cheusi mno kikiwa mezani.

Rangi nayo ina unene wake, na hapo hesabu ya 144 inarudi. Mfereji wa kuonesha maungio ya bati umechimbwa kama milimita 0.2, yaani karibu sentimita tatu kwa ndege halisi. Mtu angeweza kutumbukiza kidole. Sikuuzidishia wino mweusi kama wengi wanavyofanya. Niliacha praima na matabaka matatu mepesi ya rangi yaujaze kidogo, kisha nikapitisha kijivu chepesi tu. Waya wa antena sikuuweka kabisa. Unywele wa mtu, ule wa milimita 0.07 hivi, ungekuwa kamba ya sentimita moja.

Nilichokipenda kuliko vyote hakimo hata kwenye maelekezo. Mk I nyingi zilikuwa na bunduki nane, nne kila bawa, na kabla ya kuruka matundu yake yalizibwa kwa vitambaa vilivyopakwa dawa nyekundu ili unyevu usiingie na bunduki zisigande huko juu. Risasi za kwanza zilivitoboa. Nilichovya kichwa cha sindano kwenye rangi nyekundu, nikagusa mara nne ukingo wa mbele wa bawa la kushoto, mara nne la kulia. Vidoti ni vidogo kuliko punje ya haradali, lakini ghafla ile plastiki ikawa ndege iliyokuwa inasubiri kupigana.

Stika ndizo zilizoshindwa. Utando wake ni mwembamba, unashika vizuri juu ya vanishi ya kung'aa, na dawa ya kulainisha inauzamisha hadi kwenye mifereji. Tatizo ni uchapaji: kwenye alama ya mviringo ya jeshi la anga la Uingereza, duara jekundu la katikati limesogea kama milimita 0.3 ndani ya pete zake, na kwa alama yenye upana wa milimita sita hivi tu, hilo unaliona ukiwa umesimama mlangoni. Alama zote za ubavuni zimeharibika hivyo hivyo, kwa ndege zote mbili.

Kama umeshajenga za 1/72 na una subira ya msasa, plastiki ya seti hii nakupendekezea bila wasiwasi. Kama ndiyo ya kwanza kwako, miguu na propela vitakukatisha tamaa mapema. Ya kwanza nimeifunika na vanishi isiyong'aa na iko rafuni na stika zake hivyo hivyo. Ya pili bado haina alama yoyote ubavuni. Nimeagiza stika za mtengenezaji mwingine, na hadi zifike nimeifunika kwa glasi isiingie vumbi.