Gemu za miaka ya tisini: usilipe kabla hujauliza betri

Lalamiko la wanunuzi ni lile lile. Mtu kanunua kaseti ya Super Nintendo, inawaka safi, kacheza wikiendi nzima, Jumatatu kaiwasha akakuta sevu (kumbukumbu ya alipofikia kwenye gemu) hakuna hata moja. Akimrudia muuzaji, jibu liko tayari: "Kaseti nzima hiyo, si inacheza?" Na kweli inacheza. Kilichokufa ni betri iliyo ndani.

Kwa hiyo hapa sipangi konsoli, yaani mashine za gemu, kwa uzuri wa picha wala utamu wa gemu, hayo kila mtu ana yake. Napanga kwa swali moja tu: ukisevu leo, mwakani utaikuta?

Kaseti nyingi zinazosevu hutumia kumbukumbu ya SRAM, ambayo ikikosa umeme inasahau kila kitu. Konsoli ikiwa imewashwa, ndiyo inayoilisha. Ukizima, kazi hiyo inashikwa na betri ya CR2032 ya volti 3, ile ile fundi kompyuta anayoiita betri ya CMOS, iliyochomelewa kwenye bodi tangu kiwandani. Kaseti ya 1992 ambayo haijawahi kufunguliwa ina betri ya 1992. Fanya hesabu mwenyewe.

Sasa angalia ujanja. Muuzaji anacheza kidogo, anasevu, anabonyeza RESET, na sevu hiyo hapo. Hajakuonyesha kitu! RESET haikati umeme, SRAM bado inakula wa konsoli. Hata kuzima na kuwasha papo hapo hakutoshi, maana chaji iliyobaki kwenye bodi inaweza kuishikilia kumbukumbu kwa sekunde kadhaa. Jaribio la haki ni hili: sevu, zima, chomoa kaseti, iache mezani dakika kumi, kisha irudishe. Kama mnauziana kwa simu, omba video isiyokatwa. Akikataa, umeshajibiwa.

1. PlayStation ya kwanza

Sifichi, mimi ni shabiki wa Sony, watengenezaji wake. Memori kadi yake ni flash ya KB 128, imegawanywa vyumba 15 vya kuwekea sevu, na haina betri kabisa. Kadi ya mwaka 1996 bado inasoma. Chukua ya Sony yenyewe. Zile za kampuni nyingine zenye kitufe cha kubadilisha kurasa, zinazojinadi kuwa na vyumba mamia, ni maarufu kwa kuharibu sevu.

Ugonjwa wa PlayStation ni lenzi. Kwenye modeli ya SCPH-1002, lenzi iko karibu na pawasaplai, joto linaipata, na reli yake ya plastiki inalika. Ndiyo maana watu walikuwa wanaigeuza juu chini ili isome. Tafuta SCPH-7002, 7502, 9002, au ile ndogo iliyotoka mwaka 2000, SCPH-102. Weka CD na uangalie video ya mwanzo wa gemu: ikikwamakwama au sauti ikikatika, lenzi imechoka.

Na hiyo namba ya mwisho isikupite. 2 ni ya Ulaya, volti 220 hadi 240, inakubaliana na soketi zetu. 1 ni ya Marekani, volti 120. 0 ni ya Japani, volti 100. Ukitumiwa mzigo na ndugu aliyeko Marekani ukauchomeka moja kwa moja ukutani, pawasaplai inaungua, kwa hiyo andaa transfoma ya kushusha umeme.

2. Mega Drive

Gemu zake nyingi hazisevu, au zinakupa neno la siri la kuandika kwenye daftari. Sonic 3 inasevu kwa kumbukumbu isiyohitaji betri. Zenye betri ni zile ndefu kama Phantasy Star IV. Chunga adapta tu: ya Mega Drive ya kwanza na ya pili zimegeuziana chanya na hasi, usiziazimishane.

3. Nintendo 64

Mchanganyiko. Super Mario 64, Mario Kart 64 na GoldenEye zinatumia EEPROM, kumbukumbu isiyosahau umeme ukikatika, hazina betri, nunua bila wasiwasi. Zelda Ocarina of Time ina betri. Ile kadi ya kuchomeka kwenye pedi nayo ya Nintendo ina CR2032 ndani, jambo ambalo wauzaji wengi hata hawalijui.

4. Super Nintendo

Street Fighter II haina cha kusevu, haina tatizo. Super Mario World, Donkey Kong Country na Zelda A Link to the Past, zote zina betri, na ndizo zinazopandishwa bei kuliko zote. Unalipia boksi, unalipia karatasi ya maelezo, unalipia neno "original", halafu kitu kinachotunza sevu kimekufa na hakuna anayekupunguzia hata senti. Tangazo linasema "imejaribiwa", maana yake imefika kwenye jina la gemu ikazimwa.

Kubadilisha si kazi kubwa. Unahitaji bisibisi maalumu ya mm 3.8, CR2032 yenye miguu ya chuma, na pasi ya solda kwenye nyuzi joto 350 hivi. Yeyusha solda, toa ya zamani, fuata alama ya + kwenye bodi, chomelea miguu kwa sekunde mbili tatu. Usiweke solda kwenye betri yenyewe, joto linaweza kuipasua. Pima kwa mita: mpya inasoma volti 3 au zaidi kidogo. Sevu za zamani zitafutika. Ukiwa umeifungua, safisha meno ya kaseti kwa pamba na alkoholi ya isopropili, na uache kupuliza. Unyevu wa pumzi unaleta kutu.

5. Game Boy na Saturn

Pokémon Gold na Silver zina saa ndani, betri yake (CR2025) inaliwa hata kaseti ikiwa kabatini. Saturn betri yake iko nyuma kwenye kifuniko, haihitaji solda, lakini utakuwa unaibadilisha kila baada ya mwaka mmoja au miwili.

Vile vidude vya "gemu 620 ndani" vinavyouzwa pamoja na chaja za simu, vingi havisevu kabisa. Tuviache.

La mwisho, kwa wanaokuongezea bei kwa sababu "betri mpya". Wapo wanaokata betri ya zamani, wanaacha miguu yake, na kubandika mpya kwa selotepu ya umeme. Itasevu siku ya kwanza. Tikisa kaseti karibu na sikio kabla ya kulipa. Kitu kikigonga ndani, selotepu imeachia.