Ekzosi ya inchi 3 kwenye Hilux Vigo 3.0 D-4D: uzoefu wangu

Gari ni Hilux Vigo ya milango minne, injini 1KD-FTV ya cc 2982, gia za mkono, kompyuta ya injini haijaguswa. Kilichobadilika ni ekzosi yote kuanzia nyuma ya turbo (feni ya kuijazia injini hewa) mpaka mkiani: bomba la inchi 3, masega mapya ya kusafisha moshi, fleksi moja (kipande cha bomba kinachonyumbuka) na sailensa moja ya kupitisha moshi moja kwa moja. Nimeridhika nayo, na gari la kubeba mzigo ningelifanyia hivyohivyo tena. Anayetafuta ongezeko kubwa la nguvu za farasi asianzie hapa.

Turbo ya 1KD ina mapezi yanayogeuka, na mota ya umeme ndiyo inayoyageuza kwa amri ya kompyuta. Kompyuta ina kiwango chake cha presha ya hewa, na kiwango hicho hakibadiliki kwa sababu umeweka bomba pana. Ndiyo maana ahadi za "farasi 30 zaidi kwa ekzosi tu" si za kweli kwenye injini hii. Unachopata ni kingine. Turbo huzungushwa na tofauti ya presha kati ya moshi unaoingia na moshi unaotoka. Njia ya kutokea ikiwa nyembamba, tofauti hiyo inapungua, pistoni zinasukuma moshi kwa shida, na joto linabaki kwenye manifoldi na turbo. Ukiifungua, turbo inaamka mapema na joto linashuka. Wanaosema injini inahitaji "kubanwa kidogo" ili ivute wamechanganya mambo: dizeli yenye turbo haihitaji presha yoyote nyuma ya turbo.

Bomba la zamani nililipima kwa kalipa, lilikuwa chini ya inchi 2.5. Hata ukilihesabu kuwa inchi 2.5 kamili, kwenda inchi 3 kunaongeza nafasi ya kupita moshi kwa karibu asilimia 44. Zaidi ya inchi 3 kwa injini hii sioni maana. Unapata tu bomba gumu kulipitisha juu ya ekseli.

Kwa matumizi, tofauti naiona kwenye mzigo. Kupanda mlima Kitonga na bodi imejaa, gia ya tatu inashika pale ambapo zamani ililazimu kurudi ya pili, na geji ya joto la moshi inakaa chini ya nyuzi 650 badala ya kukimbilia 700. Ikiwa tupu na kwenye tambarare, usitarajie kuhisi mabadiliko makubwa. Ulaji wa mafuta sitausemea, maana mguu wa dereva na uzito wa mzigo vinaubadilisha kuliko ekzosi.

Pesa nyingi ziende kwenye nusu mita ya kwanza nyuma ya turbo. Hapo moshi ni wa moto kuliko kwingine kote, bado unazunguka, na kona ya kiwandani ni kali. Kubadilisha sailensa na mkia peke yake kunaongeza kelele, basi. Kipande hicho cha mbele kiwe na flenji (bapa la kuungia lenye matundu ya nati) nene ya milimita 10; ya milimita 5 inapinda kwa joto la kuchomelea, kisha inavuja hata ukibadilisha gasketi kila mwezi. Kabla ya kufunga, laza flenji juu ya kioo na umulike kwa tochi upande wa pili. Mwanga ukipenya, irudishwe ikasawazishwe. Gasketi iwe ya chuma ya tabaka nyingi. Silikoni ya kubandikia haidumu hapo.

Stadi za turbo, yaani bolti zisizo na kichwa zinazoshikilia bomba, ndizo zinazoharibu siku. Zimwagie mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia, na nati ikigoma, ipashe moto yenyewe badala ya kuongeza urefu wa spana. Stadi ikikatikia ndani ya turbo, kazi ya saa nne inakuwa ya siku mbili. Ukifunga, weka stadi mpya, nati za shaba, na grisi ya nikeli ya kuzuia kung'ang'ania.

Kona zinahitaji macho. Mashine nyingi za kukunjia mabomba mitaani zinalibonyeza bomba, na inchi 3 yako inakuwa kama inchi 2.5 kwenye kila kona. Kama fundi hana mashine yenye mandreli (kiini cha ndani kinachozuia bomba lisibonyee), mwambie anunue kona zilizokunjwa tayari za nyuzi 45 na 90, akate vipande na kuunganisha. Maungio yanaongezeka, lakini upana unabaki uleule.

Sailensa nayo ina udanganyifu wake. Imeandikwa inchi 3, na midomo yote miwili ni inchi 3 kweli, ila bomba la matundu la ndani ni inchi 2.25. Nilimulika moja dukani nikaona ngazi imejitokeza pembeni kabisa, nikairudisha. Chukua kipande cha mbao cha duara cha milimita 70 ukipitishe upande mmoja kitokee wa pili. Kikikwama, hiyo siyo.

Kuhusu chuma: bomba jeusi la kawaida ni rahisi na linachomeleka popote, lakini kwa gari la Tanga au Mombasa chumvi italimaliza mapema. Chuma cha pua cha daraja 409 kinashika sumaku na kitaota kutu ya juujuu. Cha 304 hakishiki, isipokuwa kidogo pale kilipokunjwa. Nenda na sumaku dukani. 304 ichomelewe kwa tigi (uchomeleaji wa gesi na ncha ya tungsten) na waya wa 308L, huku gesi ya agoni ikipitishwa ndani ya bomba pia, la sivyo upande wa ndani unaungua na kuota magamba. Ukiunganisha 304 na chuma cha kawaida, tumia waya wa 309L. Bomba la mabati usiguse. Moshi wa zinki yake unamuumiza anayechomelea.

Jambo ambalo mafundi wengi hawalihesabu ni urefu kuongezeka. Mita 3 za chuma cha 304 zikipanda joto nyuzi 300 zinarefuka kama milimita 15. Ukifunga kila kitu kwa kukaza bila fleksi, nguvu hiyo inakwenda kwenye turbo au inapasua uchomeleaji. Fleksi ikae karibu na gia boksi, na hanga za nyuma ziwe za mpira. Acha nafasi ya milimita 25 pande zote, na 50 karibu na mipira ya breki, nyaya na tangi. Nafasi ya juu ya ekseli ipimwe mara mbili: gari likiwa chini na mzigo, kisha likiwa limeinuliwa kwa chesisi, magurudumu yananing'inia. Kipimo cha juu ya jeki peke yake kinadanganya, ndiyo maana bomba linagonga ukishapakia.

Kelele: injini ya silinda 4 ikiwa kwenye mizunguko 2000 inatoa mapigo kama 67 kwa sekunde, na mvumo huo ndio unaojaa kwenye kabini. Sailensa fupi ya sentimita 30 haiuzuii. Nimeweka ya sentimita 60 yenye pamba ya kioo na safari ndefu inavumilika, ingawa bado ni nzito kuliko ya kiwandani.

Masega ya kusafisha moshi sikuyaondoa, niliweka mapya na mapana. Kwa Hilux za baadaye zenye chujio la masizi, usiling'oe: chujio hilo lina sensa za presha na joto, na ukiling'oa, kompyuta inawasha taa na kukata nguvu.

Baada ya kufunga, washa ikiwa baridi na upake maji ya sabuni kwenye kila ungio. Baada ya kilomita 500 kaza nati zote tena injini ikiwa imepoa, na tafuta alama nyeusi za masizi kando ya flenji. Kukiwa na harufu ya moshi ndani ya kabini, gari lisimame mpaka uvujaji upatikane.