Simu ya kuwekea laini ya benki: ipi ununue, ipi uiache dukani

Laini iliyounganishwa na akaunti ya benki haihitaji simu ya bei mbaya. *150*66# ya NMB, *150*03# ya CRDB na *150*00# ya M-Pesa ya Vodacom hufunguka kwenye kitochi (simu ndogo ya vitufe) sawasawa na kwenye iPhone, kwa sababu menyu hizo hupita kwenye mtandao wa simu wenyewe na hazigusi bando. Kinachozitofautisha simu ni jinsi zinavyozilinda pesa zako zikiibiwa au zikichakaa. Kwa kipimo hicho tumezipanga hivi.

1. Simu janja mpya ya bei ya chini

Chukua yenye RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Ile ya GB 2 itakusumbua siku ya kwanza tu: ukitoka kwenye programu ya benki kwenda kusoma namba ya uthibitisho kwenye SMS, simu huifunga programu nyuma yako, ukirudi unaanza upya na namba imeshaisha muda.

Kabla ya kulipa, fungua Mipangilio, Kuhusu simu, kisha toleo la Android, usome tarehe ya sasisho la usalama. Boksi jipya lenye sasisho la zaidi ya mwaka mmoja nyuma ni mzigo uliolala stoo, omba nyingine. Hakikisha ina kisoma alama za vidole. Kufungua kwa uso kwenye simu za bei hii hutegemea kamera ya kawaida, na programu nyingi za benki haziukubali. NFC, ile ya kulipa kwa kugusisha simu, usiiongezee hata shilingi, maana dukani tunalipa kwa lipa namba au QR.

2. Kitochi

Wengi watashangaa kukiona juu ya simu kali ya mtumba, lakini kwa mtu anayetuma, kupokea na kuangalia salio, kitochi kinatosha. Hakiingii programu za kitapeli, chaji hukaa siku kadhaa, na bei yake haifiki robo ya simu janja.

Kasoro yake kubwa ni nafasi ya SMS. Kikasha kikijaa, ujumbe wa muamala hauingii, na mwenye duka anabaki kubishana na mteja aliyelipa kweli. Muulize muuzaji kinabeba SMS ngapi, na uwe unazifuta kila wiki. Vilevile jaribu vitufe vya nyota, sifuri na reli (#): vikiwa vigumu utachelewa kujibu, menyu itakatika katikati. Na usiwe na haraka ya kuunganisha msimbo mzima pamoja na namba ya siri kwa mkupuo mmoja. Huo wote hubaki kwenye orodha ya namba ulizopiga, na atakayeishika simu ataisoma.

Vitochi vyenye 4G na programu chache havitupi sababu ya kuongeza pesa, kwani programu za benki zimeandikwa kwa Android na iPhone.

3. Simu janja ya mtumba

Hapa ndipo watu huumia, hasa Kariakoo jioni. Piga *#06#. Namba ya IMEI (utambulisho wa simu) ya tarakimu 15 ifanane na ya kwenye boksi, kisha itume kwa SMS kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Jibu likitaja aina nyingine ya simu, rudisha. Simu feki zilizimwa Tanzania tarehe 16 Juni 2016, na bado kuna wanaouziwa.

Halafu mwambie muuzaji aifute yote mbele yako na kuiwasha upya. Ikidai akaunti ya Google au ya Apple ya mwenye zamani, hiyo si yako na haitakuwa yako. Kwa Android, ingia Play Store, Mipangilio, Kuhusu, uangalie kama kifaa kimeidhinishwa na Play Protect, ulinzi wa Google. Kama hakijaidhinishwa, huenda mfumo wake umechezewa, na programu ya benki inaweza kukataa kufunguka hata kama kila kitu kingine kinafanya kazi vizuri.

4. Simu ya mkopo

Tumeiweka mwisho kwa sababu moja: ukichelewesha rejesho inafungwa, na programu ya benki inafungwa nayo. Ukilazimika kuichukua, jumlisha malipo yote hadi siku ya mwisho kabla ya kusaini, na weka kitochi pembeni cha kuhamishia laini.

Ukishanunua

Weka PIN kwenye laini yenyewe, mbali na ile ya kufungulia kioo. Bila hiyo, mwizi huchomoa laini, akaiweka kwenye simu yake na kupokea namba zako zote za uthibitisho. PIN ya kuanzia na PUK (namba ya kufungulia laini iliyojifunga) huwa kwenye kadi ya plastiki iliyobanduliwa laini, kwa hiyo usiitupe: ukikosea PIN mara 3 utaombwa PUK, na PUK ikikosewa mara 10 laini imekufa.

Kama simu ni ya laini mbili, laini ya benki iwe ndiyo chaguo la kutumia SMS wakati unaisajili programu. SMS ya uthibitisho ikitoka kwenye laini nyingine, usajili unakwama. Simu ya zamani nayo, ondoa programu na ufute kila kitu kabla hujampa mdogo wako.