Besi ya bei nafuu: nilichobadilisha na nilichojutia

Nina gitaa la besi moja tu. Ni ya nyuzi nne, umbo lake limeigwa kutoka kwa Precision, besi maarufu ya kampuni ya Fender, na niliinunua kwa sababu hela iliyokuwa mfukoni haikutosha nyingine. Jina la mtengenezaji nitalihifadhi, maana kasoro nitakazozitaja utazikuta kwenye besi nyingi za daraja hilo, ziwe zimeandikwa jina gani kichwani. Kwa miaka mitatu nimeifungua na kuifunga mara nyingi kuliko nilivyoipiga jukwaani. Vitu vya kiwandani vilivyobaki ni mwili, shingo, freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo) na briji, kile chuma cha mwilini kinachoshika nyuzi. Hiyo briji nayo iliwahi kung'oka ikarudi, na kisa chake kiko mbele.

Uzuri wa kununua nakala ya Precision ni kwamba vipuri havisumbui. Fender walitoa besi hiyo mwaka 1951, na kufikia 1957 walikuwa wameshaipa pikapu (kinasa sauti chenye sumaku kinachokaa chini ya nyuzi) ya vipande viwili ambayo wote tunaijua leo. Tangu hapo umbo limebaki karibu lile lile: urefu wa uzi kutoka kichwani hadi briji ni inchi 34, yaani kama milimita 864, na tundu la pikapu linafanana karibu kila mahali. Nikajiambia kila nitakachonunua kitaingia bila shida. Kwa pikapu ilikuwa kweli. Kwa vingine nilichoka.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na hiyo pikapu. Nilichukua Seymour Duncan SPB-1, yenye sumaku za alniko (mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti), nikailehemu usiku uleule ilipofika na kuchomeka waya kwenye amplifaya. Sauti ilikuwa nzuri, sikatai. Noti za chini zilijaa na hazikuwa na ile hali ya kusikika kama zimefunikwa blanketi. Tatizo ni kwamba sasa nilisikia vizuri zaidi jinsi nyuzi zilivyokuwa zikigonga freti, jinsi noti ya F, kwenye freti ya kwanza ya uzi wa E, ilivyopanda kuliko inavyotakiwa, na jinsi noti za juu ya freti ya 12 zilivyotofautiana na piano. Nilikuwa nimelipa hela ya maana ili kuyasikia makosa yangu kwa ufasaha.

Kaka mmoja ninayepiga naye, aliyeanza besi kabla sijajua kushika gitaa, aliichukua, akaiinua usawa wa jicho kama mtu anayekagua ubao kama umenyooka, akanirudishia. "Shingo imepinda. Ulikuwa unabadilisha pikapu ya nini?"

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, na kwa sehemu kubwa haikuhitaji kununua chochote. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayopambana na mvuto wa nyuzi. Unabana uzi wa E kwenye freti ya kwanza na kwenye ile ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha unatazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Nafasi ndogo inatakiwa iwepo, kama milimita 0.3, ili uzi upate pa kutikisika. Kwangu kadi ya benki ilipita bila kugusa, na kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Nikazungusha nati ya fimbo kuelekea kulia robo mzunguko, nikatuni upya, nikaiacha ilale, nikapima asubuhi. Robo nyingine. Mtu asikudanganye uimalize kwa dakika tano: mbao hujibu polepole, na nati ikigoma usiilazimishe, kwa sababu fimbo ikikatika umepoteza shingo nzima.

Shingo ilipokaa sawa ndipo nikagusa vijiti vya briji vinavyobeba nyuzi. Nilishusha hadi uzi wa E ukawa milimita 2.5 juu ya freti ya 12, na uzi wa G milimita 2. Wanaopiga kwa nguvu watataka zaidi ya hapo. Halafu nikalinganisha hamoniki ya freti ya 12, ule mlio wa kugusa uzi bila kuubana, na noti ya kubana palepale. Noti ya kubana ikiwa juu, kijiti kinarudishwa nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kinasogezwa mbele. Utaratibu huu una mpangilio ambao huwezi kuuruka, kwa sababu kila hatua huvuruga inayofuata. Ukianza na briji kabla ya shingo, utairudia briji. Mimi niliirudia mara mbili kabla ya kukubali.

Ile F iliyopanda haikuponywa na chochote kati ya hivyo. Ugonjwa wake ulikuwa kwenye kile kipande cheupe cha plastiki kilicho mwanzo wa shingo, ambacho nyuzi hupita kwenye mifereji yake. Viwanda vya besi rahisi mara nyingi huiacha mifereji ikiwa juu, kwa kuwa mfereji wa juu haugongi freti na mteja dukani hatasikia mlio mbaya. Lakini kidole kinapobonyeza freti ya kwanza, uzi unavutika kupita kiasi na noti inapanda. Kipimo ni chepesi: bonyeza uzi kwenye freti ya 3, tazama juu ya freti ya 1. Nafasi iwe kama unene wa unywele. Yangu ingepitisha uzi wa kushonea na sindano yake.

Nilikata kwa tupa ndogo. Uzi wa E ulikaa vizuri, nikavimba kichwa, na kwenye A nikapitiliza. Sasa A ikipigwa wazi ililia kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Niliziba mfereji kwa magadi ya kuokea na tone la gundi kali, mchanganyiko unaoganda papo hapo na kuwa mgumu kiasi cha kukatwa upya, na ulidumu miezi kadhaa. Baadaye nilinunua kipande cha mfupa nikakichonga kwa subira zaidi. Kama ningeruhusiwa kubakiza badiliko moja tu kwenye besi hii, ningebakiza hilo. Mkono wa kushoto ulipumzika. Vidole vilivyokuwa vikiuma baada ya nyimbo nne sasa vinamaliza onyesho zima.

Nyuzi nilibadilisha nikaweka bapa, zile zilizofungwa kwa utepe laini badala ya waya wa mviringo. Mpiga besi James Jamerson alipiga nyuzi za namna hiyo kwenye Precision yake ya 1962 katika rekodi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, na ukisikiliza utaelewa kwa nini watu bado wanaifukuza ile sauti: noti inapiga, inajaa, inaondoka. Kwa mtu anayecharaza kwa dole gumba hazifai, zinakosa ule mng'ao. Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba zile nilizonunua zilivuta kwa nguvu zaidi kuliko za mwanzo, shingo ikapinda tena, nikairudia fimbo, nikarudia briji. Ukishaamua aina ya nyuzi, ziweke kwanza halafu ndiyo upime.

Sasa umeme. Besi yangu ilikuwa na mvumo uliokuwa unazidi nikitoa mkono kwenye nyuzi na kupungua nikizigusa. Pikapu ya vipande viwili ina nusu mbili, kila moja ikifuta mvumo wa mwenzake, kwa hiyo nilijua kelele ilikuwa inaingia kwingine. Nikafungua briji. Waya wa ethi ulikuwa chini yake, ndiyo, ila umelala juu ya tabaka nene la rangi, na ulikuwa unagusa chuma pale ulipopenda. Nilikwangua kutu na rangi, nikaunyoosha, nikakaza skrubu. Nusu ya mvumo ikaisha bila gharama.

Nusu iliyobaki niliikabili kwa karatasi ya shaba yenye gundi, nikalizungushia tundu lote la ndani na mgongo wa plastiki inayobeba vitasa vya kuzungusha sauti. Nikafunga skrubu zote, nikachomeka. Kimya. Sio kimya cha kuondoa mvumo, kimya cha kuondoa muziki. Nilifungua tena nikadhani nimeunguza pikapu, nikapima kwa mita, nikalehemu upya viungo vilivyokuwa salama. Kumbe ulimi wa jeki, lile tundu la kuchomekea waya, ulikuwa ukijikunja waya unapoingia na kuigusa shaba, na sauti yote ikakimbilia ethi. Kipande cha utepe wa umeme kilimaliza kesi. Kama utafanya kazi hii, jaribu kuchomeka waya kabla ya kurudisha skrubu zote.

Poti za sauti na toni, vile vipuri vya umeme vilivyo chini ya vitasa, zilikuwa zinakwaruza zikizungushwa, na ile iliyoandikwa kiloomu 250 ilisoma 210 kwenye mita. Poti yenye ukinzani mdogo hula sauti za juu, hivyo sehemu ya lile blanketi haikuwa kosa la pikapu ya zamani peke yake. Hili lilinichoma. Niliagiza poti za kampuni ya CTS, na hapa ndipo ule ulinganifu wa vipuri ulipoishia: shingo ya poti hiyo ina kipenyo cha inchi 3/8, kama milimita 9.5, na matundu kwenye plastiki yangu yalikuwa ya poti ndogo. Keekee ilipasua ukingo wa tundu la kwanza. La pili nilipanua kwa tupa ya mviringo, taratibu, likatoka safi. Ufa upo hadi leo, umefichwa na kitasa.

Kapasita ya toni, kile kipuri kidogo kinachopunguza sauti za juu? Nilijaribu mbili za thamani ileile, mikrofaradi 0.047, moja ya kawaida na nyingine ya mafuta ambayo watu huitukuza. Sikusikia tofauti, na wala sioni sababu ya kuisikia. Okoa hela yako.

Na sasa briji. Niliamini hadithi kwamba briji nzito ya chuma kinene hurefusha noti. Nikanunua, nikaifunga, besi ikawa nzito begani. Kitako chake kilikuwa kinene kuliko cha zamani kiasi kwamba hata nikiteremsha vijiti hadi mwisho, nyuzi zilibaki juu. Ili kuzishusha ingebidi nifungue shingo na kupachika kabari kwenye kitako chake. Kabla ya kufika huko nilirekodi mstari mmoja kwa briji zote mbili, nyuzi zilezile, nikampa yule kaka asikilize bila kumwambia ipi ni ipi. Alikosea, akarudia, akakosea tena, akaniuliza kama namchezea. Briji ya kiwandani, ile ya bati lililokunjwa, ikarudi mahali pake. Ile nzito iko kwenye droo, inazuia karatasi zisipeperuke.

Vifunguo vya kutuni nilibadilisha kwa sababu moja ambayo haina uhusiano na kutuni. Vya zamani vilikuwa vizito, na kichwa kilikuwa kinaanguka kuelekea sakafuni nikiachia shingo. Vyepesi vilipunguza tatizo hilo. Matundu ya skrubu hayakulingana, nikayaziba kwa vijiti vya meno na gundi ya mbao, nikatoboa upya. Kuhusu kukaa kwenye tuni, besi ilitulia zaidi nilipojifunza kuzungusha uzi mara mbili au tatu kuelekea chini kwenye nguzo kuliko ilivyotulia kwa vifunguo vipya.

Kuna kitu kimoja ambacho bisibisi haijakiponya. Kwenye uzi wa G, freti ya 5, noti ya C hufa mapema, kana kwamba mtu ameiwekea mkono. Shingo yenyewe hutikisika karibu na masafa ya noti hiyo na kuinyonya nguvu. Hata besi za gharama huwa na mahali pake pa namna hii. Nilibana kipande cha chuma kichwani, C ikapona, na maiti ikahamia noti ya jirani. Nikakitoa. Sasa nikihitaji C ndefu naipiga kwenye uzi wa D, freti ya 10, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini mkono wangu unaruka.